Je, Matembezi na Watoto ni Upuzi?

Shule zifungwapo wakati wa vuli, husikika baba akisema: "Kuwapeleka watoto Voi ni upuzi na israfu." Naye kila jioni hakosi barazani! Je, furaha ni halali kwake na haramu kwa ahali yake? Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, wala heshima yake haikupungua. Israfu ni kukopa ili kujionyesha. Ama tikiti ya treni hii iliyoanza 2017, na chakula kilichofungwa nyumbani, si israfu. Sehemu ya maji tunywayo Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo. Mtoto aonyeshwaye chanzo chake hufahamu shukrani kuliko aamrishwaye tu kushukuru. Enyi wazazi, utoto haungoji. Wallahu aalam.