Mizani ya Mfalme na Gunia la Lumbesa

Somo: Kumbukumbu la Torati 25:13-16, 1 Mambo ya Nyakati 23:24-29

Katika maombi yetu ya Ijumaa kuna ombi linalorudi kila wiki: Serikali ishushe bei. Ya unga, ya mafuta, ya mbolea. Halafu mkulima aliyepiga magoti safu ya nyuma anaomba kinyume, Serikali ipandishe bei ya viazi. Mungu anayasikia yote mawili jioni moja, chini ya paa moja la mabati! Kabla hajatujibu, hebu tuulize Neno lenyewe linaitaka serikali ifanye nini sokoni.

Tafuta katika Torati amri inayopanga bei ya ngano sokoni. Hutaipata. Lakini amri juu ya mizani na vipimo zimejaa: Walawi 19, Kumbukumbu 25, Mithali 11 na 16 na 20, Ezekieli 45, Amosi 8, Mika 6. Hata habari ya nywele za Absalomu, ambayo tumeihubiri mara nyingi kama somo la kiburi, inasema zilikuwa na uzito wa shekeli 200 kwa uzani wa mfalme (2 Samweli 14:26). Yaani kulikuwa na uzani wa mfalme, na kila mtu aliujua. Nayo nyumba ya Mungu ilikuwa na shekeli yake, gera 20, wala si 18 kwa maskini na 22 kwa tajiri (Kutoka 30:13). Walawi hawakuwa waimbaji peke yake. Miongoni mwa kazi zao kulikuwa na kusimamia vipimo.

Sasa tushuke Kinangop, Ol Kalou, Molo, kwa ndugu zetu wa viazi. Chuoni nilikosomea biashara tulichora mistari miwili ubaoni, mmoja wa wauzaji na mwingine wa wanunuzi, na pale inapokutana tukaandika: bei. Sawa. Lakini bei ya nini? Mkulima anaambiwa gunia ni shilingi 3,000. Likiwa la kilo 50, anapata shilingi 60 kwa kilo. Lakini broka ameshonea wavu juu, vimeshindiliwa mpaka gunia limeota kichwa, na sasa lina kilo 130. Mkulima huyo amepata shilingi 23 hivi kwa kilo, na kwa mdomo wake mwenyewe atasema ameuza gunia kwa elfu tatu. Hiyo ndiyo lumbesa. Amosi aliwalaumu wafanyabiashara waliopunguza kipimo wakati wa kuuza. Sisi tumegundua kukipanua wakati wa kununua.

Mtu atasema, si akatae? Wapendwa, hapa ndipo wengi hatufikiri vizuri. Viazi vingi huko ni Shangi, na Shangi huchipua haraka, haviwezi kungoja. Lori liko barabarani. Akikataa, lori linasogea mita mia mbili hadi kwa jirani, na jirani ana karo ya kulipa. Mwenye haki akisimama peke yake anabaki na viazi vinavyooza na lumbesa inaendelea. Broka mwaminifu naye, na tunao humu kanisani, akinunua kilo 50 kwa bei ya haki, atafika Nairobi akute mwenzake anauza kwa bei asiyoweza kuifikia. Dhambi ikishakuwa desturi ya soko, toba ya mtu mmoja haiwezi kulisafisha soko. Inahitajika mamlaka inayowafunga wote kwa kamba moja, siku moja. Kwa sababu hiyo mimi naisoma Warumi 13:4 kama habari njema kwa mkulima: mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako.

Na sheria ipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019, chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini simama kwenye kizuizi uone: penye ushuru wa kaunti unaotozwa kwa gunia, mwenye magunia makubwa machache hulipa kidogo kuliko mwenye madogo mengi. Mkono mmoja wa serikali unakataza lumbesa, mwingine unaipa punguzo. Ushuru ukitozwa kwa kilo, lumbesa inapoteza faida yake pale pale barabarani. Hilo ni jambo la kumwomba mwakilishi wadi wako, kwa jina, na tarehe.

Bei nayo? Julai 2022 Serikali ilitangaza pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe shilingi 100, ilhali ilikuwa imepita 200. Wengi tulishangilia, halafu tukaenda dukani tukakuta rafu tupu. Sisemi serikali isiwasaidie wenye njaa. Yusufu alihifadhi nafaka miaka saba kabla ya kufungua ghala. Lakini yeye alikuwa na ghala. Tangazo halijazi debe.

Niwageukie wanunuzi. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayekiponda kitu mpaka akipate, kisha anaondoka akijisifu. Kuna broka mmoja aliniambia, akicheka, kwamba anadai kipimo cha Luka 6:38, kilichoshindiliwa na kusukwasukwa. Ndugu yangu, Yesu pale alizungumza na mtoaji. Hakumpa mnunuzi fimbo ya kumshindilia mwenzake.

Jumatano hii baada ya maombi, wakulima na wanunuzi wa ushirika wetu tubaki ukumbini. Ile mizani tunayopimia mavuno ya shukrani nimeomba itolewe stoo, na afisa wa vipimo amealikwa aikague kwanza. Kila mkulima alete gunia moja jinsi alivyoliuza msimu uliopita, na kila mnunuzi aje na daftari lake. Tutapima mbele ya watu wote, tuandike kilo, halafu tuone ni nani yuko tayari kutia sahihi kununua kwa kilo msimu huu.