Naweza, Ama Ni Kiburi?

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: Mkristo akisema "hii kazi naiweza," amejiinua? Wengi wetu tulifundishwa kwamba jibu salama ni "mimi siwezi, labda Mungu aingilie." Linasikika kama unyenyekevu. Lakini hebu tuangalie jibu hilo linamfanya nini mtu akiamka Jumatatu.

Anayeamini hawezi hata hafeli mtihani, manake haufanyi. Haendi kuuliza kazi kwa sababu ashajijibu mwenyewe. Na akianza, pingamizi la kwanza analichukua kama ushahidi kwamba alikuwa sawa. Anayeamini anaweza hupata pingamizi lile lile, ila yeye huongeza bidii ama hubadilisha njia. Ujuzi wao waweza kuwa sawa kabisa.

Albert Bandura, mwanasaikolojia wa chuo cha Stanford, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1977. Alisema imani hiyo hutoka mahali panne: kufanya kitu ukafaulu, kuona mtu kama wewe akikifanya, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na hali ya mwili wako, kama vile moyo kwenda mbio. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Sasa hapa msinikasirikie, wapendwa, lakini sisi tumeegemea sana ile ya tatu. "Mwambie jirani yako, utafaulu!" Jirani anaambiwa, anapiga makofi, na Jumatano hajui pa kuanzia.

Mtazame Julius Yego, mwana wa Nandi. Nchi ya wakimbiaji, na yeye ataka kurusha mkuki. Kocha hana. Akatazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube, akatoka akajaribu, akarudi kutazama tena. Mwaka 2011 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Maputo. Olimpiki ya London 2012 akafika fainali, ila medali hakupata. Mwingine angesema basi, hapa ndipo mwisho wangu. Moscow 2013 akawa wa 4. Beijing 2015 akarusha mita 92.72, bingwa wa dunia. Na tusimfanye mtu aliyejitosheleza: katikati hapo alipata nafasi ya kwenda kufunzwa Finland, akaenda.

Daudi vilevile. Tunapenda kuhubiri kombeo na jiwe, tukapita mbio pale alipojieleza mbele ya Sauli, katika 1 Samweli 17. Alitaja simba na dubu. Alisema Bwana ndiye aliyemwokoa nao, na hapohapo akasema ni yeye aliyewafuata na kuwapiga. Hakuona mgongano wowote. Kisha akavua silaha za Sauli kwa sababu hajazizoea. Kiburi kingezivaa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kusema "naweza" juu ya kitu ulichokijaribu, ukimshukuru aliyekupa mikono, si kiburi. Kiburi ni kudai usichowahi kukigusa. Na yule mtumwa aliyefukia talanta yake, kisa aliogopa, bwana wake hakumwita mnyenyekevu.

Jambo hili lisigeuzwe fimbo, tafadhali. Kuna watu hapa Junda wamepeleka barua za kazi miaka na miaka. Hao hawakosi imani, wamekosa nafasi, na kuwaambia "amini zaidi" ni ukatili. Lakini mzazi anayemwambia mtoto wa darasa la nne "hesabu si za ukoo wetu," huyo anamfungia mlango ambao hakuna aliyekuwa ameufunga.

Mimi nilisomea biashara, basi niseme kibiashara. Usichukue mkopo mkubwa ili ujithibitishie kwamba unaweza. Anza na karai moja la viazi jioni, piga hesabu ya mafuta na unga, ujue faida yako. Ukijua hiyo, la pili utalitia motoni bila kushawishiwa na mchungaji.

Vijana, tukikutana Jumamosi sitaki kusikia ndoto za miaka kumi ijayo. Kila mmoja aje na kitu kimoja alichokifanya wiki hii ambacho wiki jana alikiogopa. Hata kama ni kupiga simu tu.