Alama ya Mukwa

Masomo: 1 Samweli 16:1-13, Yohana 20:24-29



Mwezi uliopita tulizika mama mmoja mzee upande wa Mutomo. Mchungaji wetu alikuwa na harusi Wote siku hiyo hiyo, kwa hivyo ibada nikaongoza mimi. Programu za mazishi zilikuwa za kupendeza, karatasi ya kung'aa, picha kubwa ya marehemu kwenye jalada. Zikagawanywa. Mjukuu mmoja wa miaka kama mitano, aliyekaa mbele karibu na jeneza, akaiangalia ile picha, akamgeukia shangazi yake na kuuliza kwa sauti, "Huyu ni nani?" Akaambiwa ni susu. Akakataa. "Huyu si susu."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga kinachoshukuriwa na kila mtu. Mimi sikucheka. Siku mbili kabla ya hapo familia ilikuwa imenitumia hiyo picha kwa WhatsApp, wakaniuliza kama iko sawa, nami nikajibu, "Iko sawa kabisa, hongereni."

Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Makunyanzi yalikuwa yameondolewa yote, mashavu laini kama ya msichana wa sekondari, na rangi imepunguzwa weusi, si kidogo. Lakini kilichonisumbua nilikiona nikiwa nimesimama pale nikisubiri kwaya imalize. Paji la uso lilikuwa limenyooka. Mama huyo alikuwa na lile bonde la mukwa. Vijana waliokulia mjini huenda hawalijui, lakini wengi wetu tuliozaliwa Ukambani tumeliona kwa mama zetu na nyanya zetu: ukibeba kuni au mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kutoka usichana hadi uzee, kamba hiyo inakuchimbia njia yake. Ukimsalimia mama kama huyo unaona mahali mukwa ulipokaa hata siku ambayo hajabeba kitu.

Na sasa tawasifu. Ndani ya programu ile ile, ukurasa wa tatu, binti yake alikuwa ameandika jinsi mwaitu wake alivyofukua mchanga wa mto wakati wa kiangazi, akachota maji, akayabeba mpaka sokoni akauza, na watoto saba wakasoma. Tulisoma maneno hayo kwa machozi. Ukurasa wa tatu unasema alibeba. Jalada linasema hakuwahi kubeba kitu.

Niliporudi Kitui nilimtafuta kijana aliyetengeneza ile picha. Ana kistudio na saiba pamoja, kijana mzuri, si mkora. Sikwenda kumgombeza, nilikwenda kuuliza. Akaniambia, "Pasta, watu wenyewe ndio wanataka. Nikiiacha vile ilivyo wanasema sijui kazi." Akanionyesha kwenye kompyuta. Kuna chombo ndani ya Photoshop, kipo tangu mwaka 2002, unachagua ngozi safi ya jirani, unakipitisha juu ya kipele na programu inaibandika hapo. Jina lake walilolipa wenyewe ni brashi ya kuponya. Nikacheka, kwa sababu sisi Wapentekoste tunajulikana kwa kuhubiri uponyaji, na hapa kuna mtu anaponya watu 40 kwa siku bila hata kufunga. Akaniuliza, "Kwani ni dhambi?"

Swali hilo nimekaa nalo wiki tatu, na ninakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa rahisi mno. Nilitaka kusema picha isiyoguswa ni kweli na picha iliyoguswa ni uongo. Lakini kamera yenyewe si shahidi asiye na upendeleo. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilikuwa zikipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Zilijulikana kama kadi za Shirley, za kampuni ya Kodak. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi wengine tulitoka meno na macho tu. Inasemwa kwamba waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia zao zitofautike. Kwa hivyo mtu akiongeza mwanga kidogo ili uso mweusi uonekane vile ulivyo mbele ya macho yetu, huyo hajadanganya. Amerekebisha uongo wa kamera. Na leo simu nyingi zinakuja na filta ya urembo ikiwa tayari imewashwa. Unalainishwa ngozi kabla hujaomba.

Pia Biblia haichukii uzuri. Ile sura ya 16 ya Samweli wa Kwanza tunayoipenda, Mungu anapomwambia nabii asiangalie umbo la Eliabu kwa maana Yeye hutazama moyo, hebu endelea kusoma mpaka mstari wa 12. Daudi anaingia, na mwandishi hawezi kujizuia, anatueleza kwamba kijana alikuwa na macho mazuri na sura ya kupendeza. Sijui kwa nini wahubiri tunasimama mstari wa 7.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na huko tulifundishwa swali moja kuhusu bidhaa: mteja akifika nyumbani na kufungua, je, atahisi ameibiwa? Mithali 11 inaanzia hapo hapo, kwenye mizani ya hadaa. Nchi ya Norway imepitisha sheria, inayotumika tangu mwaka 2022, kwamba tangazo la kulipiwa ambalo limebadilisha umbo au ngozi ya mtu ni lazima liwekwe alama ya kusema hivyo. Naona haki katika sheria hiyo, kwa sababu tangazo linauza. Anayekuuzia krimu kwa uso uliolainishwa na kompyuta anakuuzia kompyuta. Na dada zetu wananunua. Shirika letu la viwango, KEBS, limekataza vipodozi vyenye zebaki, na zebaki inaharibu figo, lakini bado krimu za kujichubua zinapatikana sokoni. Hatuwezi kukemea krimu hizo madhabahuni huku tukimfanya marehemu awe mweupe kwenye jalada.

Wapiga picha wenye uzoefu wana kanuni yao: kinachopita, ondoa, kinachokaa, acha. Kipele cha wiki hii hakimhusu mtu, kovu la maisha linamhusu. Ni kanuni nzuri. Nilifikiri nimepata jibu.

Halafu dada mmoja wa kanisa letu akaja ofisini (ameniruhusu kuandika haya bila jina). Aliungua na jiko akiwa mdogo, shavu la kushoto mpaka shingoni. Anaolewa mwezi ujao. Akaniuliza kama ni vibaya akiomba picha moja, moja tu, isiyo na lile kovu. Kwa kanuni ya wapiga picha, kovu linakaa, kwa hivyo liachwe. Nilijaribu kulisema hilo na mdomo ukakataa. Mimi ni nani nimwambie mtu ambaye ameangaliwa shavu kabla ya macho maisha yake yote kwamba hana ruhusa ya kuona uso wake bila moto? Nikamwambia aombe picha yake. Mchumba wake anamjua, wageni wanamjua, hakuna anayeibiwa. Nilimwuliza jambo moja tu: picha ya ukutani itakuwa ipi? Akasema hajaamua. Sikumsukuma.

Baada ya yeye kutoka ndipo nikaanza kuelewa kosa letu la Mutomo. Dada huyu aliomba mwenyewe. Susu hakuulizwa. Alikuwa amelala mochari wakati sisi, tulioelimishwa kwa ule mukwa, tulikaa tukaamua kwamba alama yake inatuaibisha mbele ya wageni kutoka Nairobi. Hatukumficha yeye aibu. Tulijificha sisi.

Angalia Bwana wetu. Mwili wa ufufuo ndio mwili pekee tunaoujua ambao umekwisha kutukuzwa. Aliweza kutoka kaburini bila alama yoyote; aliyeshinda mauti angeshindwa na tundu la msumari? Lakini alitoka nazo. Na Tomaso hakumtambua kwa ulaini wa ngozi, aliletwa kwenye makovu. Ila msisahau kwamba aliyeyaonyesha ni mwenyewe, kwa rafiki, ndani ya nyumba iliyofungwa milango. Hakuna mtu aliyemfunua. Sehemu hiyo ni ya dada yetu wa jiko. Atayaonyesha siku yake, kwa mtu wake, au hataonyesha.

Kuhusu rangi, kuna yule mwanamke wa Wimbo Ulio Bora sura ya kwanza. Anasema ni mweusi na ni mzuri, kisha anaeleza: jua lilimpiga kwa sababu ndugu zake walimweka kulinda mashamba ya mizabibu. Hiyo ni CV. Jua la Kitui na Makueni limeandika CV kama hizo kwenye nyuso nyingi, na sisi tunaosimama kila Jumapili kusema "nina ushuhuda" tungekuwa wa mwisho kuzifuta.

Sasa nirudi nyumbani. Posta ya mkutano wetu wa injili wa mwezi wa nane ilikuwa na uso wangu. Mvi zilizoanza kando ya masikio zilitoweka, na kovu la nyusi nililopata nikichunga mbuzi nalo likatoweka. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Kibwezi alinisalimia akaniuliza, "Na yule ndugu yako mdogo wa kwenye posta atahubiri saa ngapi?" Nilicheka naye. Lakini mimi sikuwa marehemu, niliulizwa, na niliipitisha. Nilikuwa nauza. Nimeomba kamati ya matangazo posta ijayo itumie picha yangu ilivyo, na nimeambiwa haitavutia vijana. Bado tunaongea.

Ile familia ya Mutomo walitaka picha nyingine ya kuweka sebuleni. Wakatafuta kila mahali: za simu zote zilikuwa na filta. Iliyobaki ni ya kitambulisho, ile ambayo kila Mkenya anaificha, na ambayo ndiyo pekee benki inaiamini. Haina rangi, amekunja uso, shuka nyeupe nyuma yake. Yule kijana wa studio ameikuza bila kulipisha, na bonde la mukwa linaonekana wazi kuliko hata nilivyolikumbuka. Wakamwonyesha yule mtoto. Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini susu hacheki.