Je, kusema "alionywa" kunatosha?

Kuna neno moja tunalisikia sana hapa Rugaaga, na kila mtu analitumia: alionywa. Kijana kazama ziwani, alionywa. Mama kapigwa akitafuta kuni nje ya mipaka ya makazi, alionywa. Likishasemwa, mazungumzo yanaisha na kila mtu anarudi kwake. Mimi nauliza: onyo ni la nani? Ni la kumwokoa anayeonywa, ao ni la kumtua mzigo yule anayeonya?

Nianzie mbali kidogo, kwenye theluji. Sisi wa Nakivale theluji tunaisikia tu, ingawa iko hapa hapa Uganda, juu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Mpwa wangu aliyehamishiwa Kanada anafanya usafi katika hoteli iliyo chini ya mlima. Watu wanakuja pale kuteleza kwenye theluji wakiwa wamefunga mbao mbili ndefu miguuni. Mchezo huo unaitwa skii. Alinitumia sauti kwa WhatsApp, anacheka: "Mjomba, huku watu wanalipa pesa ili wateremke mlima!"

Lakini akanieleza jambo lililonikalia kichwani. Mlima ule umegawanywa. Kuna njia zilizowekwa alama, na wafanyakazi wanazikagua kabla ya kuzifungua. Theluji ikirundikana vibaya juu, wanailipua kwa baruti ili iporomoke wakati hakuna mtu chini. Kwenye barabara kuu inayopita Rogers Pass, jeshi la Kanada limekuwa likipiga mizinga mlimani tangu miaka ya 1960 kwa kazi hiyo hiyo. Sisi tuliokimbia mizinga tusikie hilo: kuna mizinga inayopigwa ili msafiri apite salama.

Nje ya alama ni habari ingine. Pale unaingia kwa hiari yako. Theluji huporomoka zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile wanayoipenda watelezaji, na mara nyingi anayeiamsha ni yule yule anayefukiwa, ao mwenzake. Ukishafukiwa, baada ya robo saa hivi nafasi ya kutoka mzima inashuka haraka sana. Msaada wa mjini haufiki kwa muda huo, anayeweza kukutoa ni mwenzako. Ndiyo maana wenye busara hawaendi peke yao. Kila mmoja anavaa kifaa cha redio kinachosikika hata chini ya theluji, anabeba fimbo ndefu ya kutafutia na chepe la kuchimbia. Asubuhi wanasoma taarifa ya hatari, ambayo ina ngazi 1 hadi 5. Kwenye mteremko mbaya wanapita mmoja mmoja, wengine wakimwangalia.

Kwa watu hao neno "alionywa" lina uzito wa kweli. Mtu ana nyumba, ameshiba, njia salama iko pale pembeni, na yeye anavuka kamba kwa ajili ya furaha. Na bado akifukiwa, waokoaji wanatoka. Wanaangalia kwanza kama mlima hautawaua na wao pia. Hawaangalii kama yule aliye chini alisoma kibao.

Sasa turudi kwetu, ambako kinachoporomoka ni udongo. Tarehe 1 Machi 2010, mlima Elgon uliteremka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, na watu zaidi ya 300 walikufa ao hawakuonekana tena. Oktoba 2018 ikawa Bududa tena, Novemba 2024 ikawa Bulambuli. Na kwetu Kivu ya Kusini, tarehe 4 Mei 2023, mvua ilishusha maji, mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakupatikana kabisa.

Nao pia, watu wanasema, walionywa. Baada ya mwaka 2010 serikali ilihamishia familia za Bududa kule Kiryandongo, na baadhi yao wakarudi mlimani. "Wabishi hao!" Lakini uliza walirudia nini. Udongo wa Elgon unatoa kahawa na ndizi, na makaburi ya wazee yako kule. Mtu alipewa mahali pa kulala, hakupewa maisha aliyoyajua. Na Kalehe hawakuwa hata na Kiryandongo yao: mlima uko nyuma, ziwa Kivu liko mbele, na vita viko kwenye njia ya kutokea. Kumwambia mtu "toka hapo" bila kumwonyesha pa kwenda, hiyo ni kelele tu.

Jirani yangu mmoja, mzee wa kutoka huko huko, hakubaliani nami. Ananiambia: "Mwanangu, ukimwambia maskini kwamba hana kosa lolote, umemnyang'anya akili yake. Miti ya ule mlima ilikatwa na panga za nani?" Nakubali nusu ya maneno yake. Hata asiyechagua hatari ana deni kwa wenzake, kama yule wa skii. Ardhi ikipasuka juu ya nyumba, miti ikianza kuinama, chemchemi ikitoa matope ghafla, usiwaache watoto walale pale. Mvua ikipiga siku mbili bila kukatika, peleka mikeka kwa ndugu aliye mahali pazuri. Huo si ubishi na mlima, ni heshima kwa uhai. Ila mzee asisahau nusu ya pili: kuni zile zilikatwa ili sufuria ichemke.

Kwa hiyo madeni ni mawili, na moja halifuti lingine. Anayeingia kwenye hatari anawiwa uangalifu. Anayechora mstari anawiwa kuwapa watu nafasi ya kweli ya kubaki upande salama. Mstari ukichorwa bila nafasi hiyo, kilichobaki ni karatasi ya kumtetea mchoraji.

Mama aliyevuka mpaka kutafuta kuni hakwenda kucheza. Alikuwa na mahindi ambayo hayaliwi mabichi. Ninyi ndugu wa mashirika, kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba jamii ilihamasishwa, andikeni pia jamii ilipewa nini cha kupikia. Na sisi wakaaji, tukijua jirani lazima avuke, tusimwache avuke peke yake. Twende wengi, tuage nyumbani tunaelekea upande gani, mmoja abaki akitazama njia. Akipatwa na jambo, tumtoe kwanza. Swali la nani alisema nini litangoja mpaka amekunywa maji na amekaa kivulini.