Usiizibe Mdomo Breki, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, wewe unayeshusha abiria na magunia kutoka Lushoto hadi Mombo, njoo kwanza. Zima pikipiki. Breki yako ya nyuma inalia, na nasikia dawa yake umeipata: unaidondoshea oili ili inyamaze.

Nakusihi, acha. Oili ikiingia kwenye dramu, brekishuu haishiki tena, inateleza. Kelele itakwisha kweli, na breki nayo itakwisha. Anayenyamazisha breki humwamsha daktari.

Isikilize, maana hailii kilio kimoja. Ikilia baada ya mvua au ulipotoka kuiosha, kisha ikanyamaza ukiibana mara mbili tatu, huo ni unyevu tu. Mlio mwembamba usiokoma mara nyingi ni vumbi lililoganda ndani, au uso wa brekishuu uliong'aa kwa joto la kubanwa mteremko mzima. Lakini ukisikia mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma, hapo nakusihi mara ya pili: mshushe abiria, mwombe radhi. Hata safari hiyo usiimalize.

Najua kuupuuza mkwaruzo huo kunakofika, mwanangu. Utando wa brekishuu ukiisha, chuma chake huanza kuila dramu. Dramu imo ndani ya habu. Ikishachimbika mifereji utanunua habu nzima, na spoku zifumuliwe zisukwe upya. Mkwepa brekishuu hulipa gurudumu. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni mama aliyekaa nyuma yako na mtoto mgongoni, kona imefika, umekanyaga pedali hadi mwisho, na pikipiki haina habari.

Basi isimamishe kwa stendi kubwa, toa gia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwaruza hata kabla hujagusa breki, huenda breki imekazwa mno au beringi imekufa. Litikise kushoto na kulia. Likicheza, anza na beringi. Kisha kanyaga pedali utazame ule mkono wa breki pale gurudumuni. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo hapo: ukifika kwenye alama, brekishuu zimekwisha, na kuzidi kukaza nati ni kujidanganya.

Ukifungua, usipulize vumbi kwa mdomo. Nakuomba sana. Brekishuu nyingine zina asbesto, nayo ikiingia mapafuni hukaa humo miaka hata ikaleta saratani. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Iliyong'aa lakini bado nene, isugue kidogo kwa msasa uliolowa. Iliyonywa oili, au iliyobaki chini ya milimita 2, itupe pamoja na mwenzake. Springi zilizolegea zifuate huko huko. Grisi ni ya kwenye kemu, ile inayotanua brekishuu, tena nyembamba.

Ukirudisha, acha ncha ya pedali icheze milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika. Ukikaza kupita hapo itajibana yenyewe njiani, ipate moto, ianze kulia upya. Na mteremko ule ushuke kwa gia ndogo, injini nayo ikusaidie kuzuia.

Ijaribu kwanza kwenye tambarare, polepole, ukiwa peke yako. Nakusihi mara ya tatu: usipakie mtu kabla hujaijaribu.