Mafuta ya Figo: Nani Alitenda Dhambi?

Sura ya 3 ya kitabu cha Walawi inaagiza figo mbili za mnyama wa sadaka ziteketezwe madhabahuni pamoja na mafuta yake. Mafuta yote ni ya Bwana. Huko Bunia, mashariki mwa Kongo, mji wa makanisa mengi na wa Chuo Kikuu cha Shalom kilichotokana na chuo cha theolojia, mafuta ya binadamu hayana heshima ya namna hiyo. Siku za kazi kitambi ni baraka: mwenyewe amepata dhahabu, au ameajiriwa na shirika. Jumapili mahubiri yakifika kwenye ulafi, kitambi hichohicho kinageuka ushahidi.

Figo hazijui mahubiri. Za mtu mzima huchuja karibu lita 180 kwa siku, na mwili ukinenepa zinaongezewa kazi. Presha hupanda ndani ya vifundo vya mishipa midogo inayochuja damu, navyo vinavimba. Seli zinazovizingira hubanduka, na mwili hauzirudishi kwa urahisi. Protini inaanza kuvuja, mkojo unatoa povu. Mafuta yaliyoizunguka figo yanaibana, nayo inajibu kwa kuamsha homoni zinazozidi kupandisha presha. Mishipa midogo inapotea, makovu yanashika nafasi yake, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Basi ni kosa lake?

Hapa hoja ya ulafi inayumba. Vifundo hivyo, yaani vichujio vya figo, humalizika kuundwa tumboni mwa mama, karibu wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo havizaliwi vingine. Mtoto anayezaliwa na uzito mdogo mara nyingi huwa na vichujio vichache. Mei 2003 wanamgambo walipigania Bunia na maelfu wakakimbia, wajawazito wakiwamo. Mtoto wa mama aliyelala njaa porini sasa ni mtu mzima. Akinenepa leo kwa wali, mawese na soda, anabebesha uzito huo figo ambazo huenda zilipunguziwa vichujio na vita kabla hajala chochote. Katika Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu kipofu wa kuzaliwa: alitenda dhambi yeye au wazazi wake? Yesu alikataa majibu yote mawili. Mhubiri wa ulafi angefaa kuanzia hapo.

Tiba inayojaribiwa nayo inachekesha kidogo, maana inachotwa palepale panapolaumiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 14 ambao mshipa unaopeleka damu kwenye figo ulikuwa umekuwa mwembamba. Walichukuliwa mafuta kidogo ya tumboni, seli shina zikakuzwa maabara, kisha zikapitishwa katika mshipa huo. Baada ya miezi 3 damu ilipita figoni kwa wingi zaidi. Ni jaribio dogo, bado si dawa. Tena majaribio ya nguruwe walionenepeshwa yameonyesha kuwa seli shina za mafuta ya mwili mnene huzeeka mapema na hukarabati vibaya. Anayezihitaji zaidi ndiye mwenye zilizochoka, na huenda akalazimika kupewa za mtu mwembamba.

Hayo yakiwa bado maabara, karatasi ya kupima protini kwenye mkojo ni ya bei ndogo na hutoa jibu kwa dakika chache. Kanisa linaloalika watu kupimwa presha baada ya ibada linaweza kuiongeza mezani.