Mwenye ree mbili naye hushindwa

Poka ni kamari ya karata iliyoenea sana Marekani. Katika aina yake mashuhuri, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani zitumiwe na wote. Hakuna mwanzo bora kuliko ree mbili. Dhidi ya mpinzani mmoja hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wanane, takriban 35 tu.

Kutupa karata mbovu ni rahisi. Mtihani ni kutupa nzuri, pale karata za mezani zinapoonesha kuwa mwenzako amekupita. Wengi hushindwa hapo. Hujiambia: "Nilianza vizuri, na fedha yangu imo." Lakini iliyokwisha kuwekwa mezani si yake tena. La kuamua ni ile iliyobaki mfukoni.

Je, ndugu msomaji, sisi tusiocheza tumesalimika? Wangapi wameuza ng'ombe na shamba kuendesha kesi ya kiwanja kisichofikia thamani hiyo, kwa kuwa tu mwanzoni walikuwa na hoja nzito?

Qur'an Tukufu (2:219) haikanushi kuwa kamari ina manufaa kwa watu. Inatufahamisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kumbe kitu huachwa hata kikiwa na uzuri ndani yake, madhara yakizidi.

Mcheza kamari anayeweza kutupa ree mbili amejifunza nusu ya somo. Nusu ya pili ni kuinuka mezani.